Sura ya Saba: Mwanamke wa Nyumba Nambari 84

Dauto hakuwa mtu wa kukaa. Asubuhi ile ya Jumanne, katika ofisi ya doutora Benilde iliyo nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Palma, alikuwa ameshakwenda dirishani mara nne na kurudi mezani mara nne, na kila akirudi aliichukua fotokopi ile ile, akaitazama, akaiweka. Nje lori la askari lilipita likielekea barabara ya Nhica. Watu waliokuwa wakiongea kibarazani walinyamaza mpaka likapita, kisha wakaendelea pale walipoachia.

"Kaa, Dauto. Unanitia kizunguzungu."

"Nikikaa akili inalala, doutora."

"Basi simama, lakini mbali na karatasi zangu."

Doutora Benilde alikuwa mzaliwa wa Mueda, kule juu, kasoma sheria Maputo. Alikuwa mwanamke mfupi wa maneno mafupi, na wakili pekee aliyekubali kufungua ofisi hapa wakati wenzake wanakuja na ndege ya asubuhi na kuondoka na ya jioni. Dauto ndiye mpelelezi wake. Alikuwa polisi kwa miaka kumi na tisa, akafukuzwa kwa kosa ambalo yeye huliita ukweli na mkuu wake aliliita utovu wa nidhamu. Alizaliwa hapa hapa, ufukweni Tungue. Ameoa mara mbili, ameachana mara mbili, na sasa kazi yake ni kupeleleza ndoa za wenzake. Mwenyewe haoni cha kuchekesha hapo.

Mtu wa tatu chumbani alikuwa Atija, mwanamke wa miaka thelathini na tatu, mtandio umebana kichwa, mikono mapajani. Ndiye mwenye kesi.

"Tuanze tena," doutora alisema. "Kesho saa tatu asubuhi hakimu anatusikiliza. Keshokutwa, Alhamisi, kampuni ya gesi inagawa funguo za kijiji kipya. Nyumba nambari themanini na nne imeandikwa jina la Rizuane, mkuu wa kaya. Ufunguo ukishaingia mkononi mwake, Atija, kuutoa kutatuchukua miaka. Unanielewa?"

"Nakuelewa, doutora."

"Sheria ya familia haikuulizi kama ndoa yako iliandikwa conservatória, ofisi ya usajili. Watu wakikaa kama mume na mke zaidi ya mwaka, walichokipata pamoja ni cha wote wawili. Ninyi mmekaa miaka kumi na mmoja. Nyumba ya Msangani, kijiji mnachohamishwa kupisha gesi, ilihesabiwa Agosti 2017, na hii mpya inatolewa badala ya ile. Kama Agosti 2017 ulikuwa mke wa Rizuane, una haki. Kama hukuwa mkewe, huna."

"Nilikuwa mkewe. Aliniacha Septemba mwaka jana, 2018, mbele ya kaka yangu. Nikakaa eda, nikamaliza." Atija alisema haya bila kuinua sauti. "Mimi simtaki Rizuane, doutora. Kuniacha ameniacha, Mungu amsaidie. Nataka nyumba. Ile ya Msangani imeanguka, watoto wangu wawili wanalala jikoni kwa dada yangu, na mvua ikija jiko lile linavuja."

Doutora akasogeza karatasi nyingine. Ilikuwa hati ya talaka, iliyoletwa jana na wakili wa Rizuane, kijana kutoka Pemba, mji mkuu wa jimbo, mwenye viatu vizuri. Hati ilisema talaka ilitolewa tarehe 11 Machi 2017, yaani miezi mitano kabla ya sensa ya nyumba. Mwalimu wa dini aliyeiandika amehamia ng'ambo, Mtwara. Mashahidi wawili ni binamu za Rizuane, wako Nhica do Rovuma, na tangu mambo ya bunduki yaanze barabara ile haipitiki kila siku.

"Hati ni ya uongo," Dauto alisema.

"Najua ni ya uongo. Niambie nitaipinga kwa ushahidi gani kesho saa tatu."

"Majirani."

"Umewauliza?"

Dauto akaenda dirishani mara ya tano. Alikuwa amewauliza. Alikuwa amezunguka Msangani siku mbili, na kila mlango aliobisha ulimpa jibu moja: rudi baada ya Alhamisi. Kila mtu alikuwa anangoja ufunguo wake, na hakuna aliyetaka jina lake litajwe penye ugomvi. Alikuwa amewakasirikia, kisha hasira ikamwisha, maana hata yeye angefanya vivyo hivyo.

Basi ilibaki fotokopi. Siku ya sensa kila kaya ilipigwa picha mbele ya nyumba yake. Hii ilimwonyesha Rizuane amesimama mlangoni na mwanamke pembeni. Mwanamke alikuwa amejipaka msiro, ule mti ambao wanawake wa pwani huusaga na maji juu ya jiwe na kujipaka usoni ukawa mweupe. Fotokopi ilikuwa nyeusi na nyeupe, imefifia. Kilichoonekana pale ni duara jeupe na macho mawili. Chini yake fomu ilisema kwa Kireno: mkuu wa kaya na mkewe.

"Rizuane anasema huyu ni Wahida, mke wake wa sasa," doutora alisema. "Ameweka sahihi. Atija, wewe unasemaje?"

"Ni mimi."

Alijibu kabla karatasi haijageuzwa upande wake. Dauto aliliona hilo. Polisi walimfundisha mambo machache ya maana, na moja lilikuwa kutomkatiza mtu anayekudanganya.

"Siku ile ulivaa nini, mwanangu?"

"Sikumbuki, mzee Dauto. Ni zamani."

"Na nyumba ilikuwa kwenye kiwanja cha nani?"

"Cha mama yangu. Rizuane alikuja kwetu kutoka Nhica na mfuko mmoja. Mama akampa pembe ya ua, wakajenga. Alimpenda kuliko sisi tuliomtoka tumboni. Mama alikufa Februari ya mwaka jana."

Dauto akakunja fotokopi mara mbili, akaitia mfukoni, akatoka bila kuaga.

*

Wahida alikuwa mshonaji. Alipanga chumba karibu na soko na cherehani lake lilikaa mlangoni, ili ashone huku anaona nani anapita. Alikuwa na miaka kama ishirini na mitano, mwenye uso mzuri uliochoka, na mguu wake haukuacha kukanyaga hata Dauto alipopiga hodi.

"Karibu, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Nimetoka kwa doutora Benilde, sikufichi."

"Mume wangu kanikataza kuongea na watu wa doutora."

"Basi usiongee. Nitazamie picha tu, unirudishie."

Alikuwa ameikunja ile karatasi hivi kwamba uso mweupe ndio ulioonekana na si kingine. Wahida akaitazama bila kuishika.

"Ni mimi."

"Siku ya sensa, Msangani?"

"Ndiyo."

"Umejipaka msiro ukapendeza. Na ile kapulana uliyojifunga kiunoni, ilikuwa rangi gani? Kwenye fotokopi haionekani."

"Njano. Ya maua."

"Na ule ubao wenye nambari ya nyumba, mzito? Wenzako wanasema ulikuwa mzito."

"Mzito kiasi. Niliushika hivi." Akaonyesha, mikono miwili kifuani.

Dauto akaifungua karatasi mkunjo mmoja. Ubao wenye nambari 84 ulikuwa mikononi mwa Rizuane. Mwanamke wa pichani mkono wake mmoja ulikuwa mdomoni, umeshika ncha ya leso, na wa pili umepotea ndani ya nguo.

Mguu wa Wahida ukasimama. Dauto akaikunja karatasi tena, maana hakuwa amekuja kumwaibisha mtoto wa mtu.

"Nina mimba ya miezi mitano, baba," Wahida alisema mwisho. "Mwenye chumba anataka chumba chake. Na mimi pia nataka nyumba. Hilo doutora wako ameliandika mahali?"

"Hajaliandika."

"Basi mwambie."

"Nitamwambia," Dauto alisema, na alimaanisha. Akaaga kwa heshima, akatoka.

Njiani alipiga hesabu ya alichopata, akakuta ni kidogo. Alijua sasa kwamba Wahida hakuwepo siku ile. Lakini Wahida kutokuwa yule hakumfanyi Atija awe yule. Wakili wa viatu vizuri angesema kesho kwamba mke amesahau ubao, nani anakumbuka ubao baada ya miaka miwili, na hakimu angetazama duara lile jeupe na kuinua mabega. Dauto akasimamisha pikipiki ya abiria, akapanda kabla haijasimama vizuri.

*

Ofisi ya usajili wa kaya ilikuwa kontena mwishoni mwa mji, na kiyoyozi kinachonguruma. Njiani, kwenye kizuizi, askari walimteremsha, wakamwuliza anakwenda wapi, wakaisoma barua ya hakimu ambayo doutora alikuwa amempa juu chini kisha chini juu, wakamwachia. Joana, karani aliyeisimamia sensa ya Msangani, aliisoma mara moja tu. Alikuwa mtu wa Inhambane, hakujua Kiswahili zaidi ya salamu, na waliongea Kireno.

"Mahakama inataka picha ya rangi ya nambari themanini na nne," Dauto alisema.

"Picha zipo tatu. Iliyotumika ni ya kwanza."

"Kwa nini tatu?"

"Hazikutoka vizuri. Walikuwa wamesimama mbali sana kila mmoja na mwenzake, mmoja akiingia vizuri, mwingine anakatika."

Akafungua kompyuta. Picha ya kwanza ikatokea, na kwa rangi ilikuwa kitu kingine kabisa. Kapulana ilikuwa ya buluu iliyopauka, wala haikuwa ya njano. Rizuane alikuwa amevaa shati jeupe. Kofia yake ameivua, ameibana kwapani. Miguu yake haina kitu. Viatu vimewekwa kando ya mlango, kimoja juu ya kingine. Hatazami kamera. Anatazama chini, upande wa pili, kama mtu anayesomewa kosa lake.

"Hapa mpiga picha aliwaambia wasogeleane," Joana alisema, akabonyeza.

Katika picha ya pili mwanamke alikuwa amegeuza uso, leso imepanda mpaka puani.

"Hapa akawaambia tena. Mara hii kwa kuwashika mabega. Alitaka kumsogeza bwana."

Katika picha ya tatu Rizuane alikuwa amerudi hatua moja nyuma. Kisigino chake kimegonga ukuta, na ubao umeinama.

"Tukacheka," Joana alisema. "Tukasema hawa wamegombana asubuhi."

Dauto alivuta kiti kilichokuwa mbele ya meza, akakaa.

Alikaa dakika nzima, ya pili, ya tatu. Katika maisha yake alikuwa amesimama hivyo mara nyingi. Amevua kofia hivyo, amevua viatu hivyo, ameyaelekeza macho kwenye mchanga hivyo hivyo, na mara moja, enzi za mke wake wa kwanza, aliruka ua wa makuti akachanika suruali ili asikutane uso kwa uso kichochoroni. Mwanamume wa pwani hii hasimami hivyo karibu na mke wake. Mke atasimama naye bega kwa bega, atamsukuma, atamwambia rekebisha kola. Yuko mtu mmoja tu duniani ambaye mwanamume mzima, mwenye nguvu zake, atamkimbia hivyo akiwa amekaribishwa kwake.

"Nani aliandika hapa 'mkewe'?" aliuliza.

"Mimi."

"Uliwauliza?"

Joana akatazama pembeni. "Mwanamume, mwanamke, mlango mmoja. Mkalimani alikuwa nyumba ya pili, na siku ile tulikuwa na nyumba arobaini. Nimekosea?"

"Umefanya kama ambavyo mtu yeyote wa kwenu angefanya. Naomba unipigie chapa zote tatu, kubwa, za rangi. Ya kwanza nipigie mbili."

"Mbili za nini?"

"Sijui bado," Dauto alisema.

*

Alimkuta Atija uani kwa dada yake, anamenya muhogo. Watoto wawili walikuwa wamelala kwenye mkeka kivulini, mmoja mguu wake una kovu refu la mfupa uliovunjika. Dauto alilitazama kovu lile kabla ya kusema lolote. Kisha akaiweka picha ya rangi juu ya kinu, mbele yake.

Atija hakuendelea kumenya.

"Umemdanganya doutora," Dauto alisema, si kwa ukali.

"Ndiyo."

"Ulikuwa wapi?"

"Mtwara. Mwanangu alianguka kwenye mnazi, mguu ukavunjika. Tulivuka Rovuma na mtumbwi, bila karatasi, tukakaa hospitali wiki tatu. Niliporudi watu wa sensa wameshakwenda." Alikuwa anaikunja ncha ya mtandio kidoleni, anaikunjua. "Majirani wakasema, asiyekuwepo siku ya picha hahesabiwi. Nikaogopa. Mwaka huu nilipoona ile fotokopi kwa doutora, nikasema kimoyomoyo, msiro huo nani atajua. Mama alikuwa anajipaka hata uzeeni. Akijipaka unadhani dada yangu."

"Basi huyu ni mama yako."

"Ni mama." Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni na hakuyafuta. "Mzee Dauto, mimi sina picha ya mama. Hii ndiyo ya kwanza naiona. Nimekaa mezani pale nikasema ni mimi, ni mimi, na kila nikisema moyo unaniuma."

Dauto alimwacha alie. Alizunguka ua mara mbili, akasimama.

"Sasa nisikilize. Uliogopa bure. Picha hii bila wewe ina nguvu kuliko ingekuwa nawe. Nyumba ilikuwa kwenye ua wa nani?"

"Wa mama."

"Mume akiachana na mke, kwenu nani anabeba mkeka?"

"Mwanamume. Anarudi kwao."

"Rizuane alibeba lini?"

"Siku ile aliyoniacha. Septemba."

"Basi kama alikuacha Machi 2017 kama anavyosema, Agosti alikuwa anafanya nini uani kwa mama yako, amevua viatu? Mtu aliyemwacha binti si mkwe tena. Hana sababu ya kuwepo, wala hana sababu ya kumwogopa mama hivyo. Umeona alivyosimama?"

Atija akatazama. Akaiona kofia kwapani, viatu mlangoni, macho mchangani. Kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu, kwa shida, huku analia.

"Alikuwa hivyo siku zote," alisema. "Mama akitoka chumbani, yeye anatoka nyumba. Hata chakula alikuwa anakula na mgongo mlangoni."

*

Doutora Benilde alipewa habari jioni ile ile, na kwanza alikasirika kudanganywa na mteja wake, kisha akaandika maswali kumi na manne. Dauto akayasoma, amesimama.

"Mengi haya."

"Ndiyo kazi yangu, Dauto."

"Muulize moja, doutora. Mpe picha kubwa mkononi, muulize huyu ni nani kwake. Aseme kwa mdomo wake. Usimsaidie."

"Atasema ni Wahida. Ameshaweka sahihi."

"Aliweka sahihi kwenye Kireno kilichoandikwa na mtu wa Pemba. Mkono unaweza kusema hivyo. Sijui kama mdomo utaweza."

"Na ukiweza?"

Dauto alitoka na swali hilo. Usiku kucha alilifikiria, na asubuhi ya Jumatano alifika mahakamani mapema kuliko mfagiaji.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo na feni moja. Hakimu, mtu wa kusini, alikaa mbele; karibu naye mkalimani, mzee wa Palma mwenye kanzu safi; upande mmoja Rizuane na wakili wake, upande wa pili Atija na doutora. Wahida alikaa benchi la nyuma, kapulana imefunika tumbo. Dauto alisimama ukutani. Rizuane alikuwa mwanamume mrefu, dereva wa lori la maji kule kwenye mradi, na sare yake ilipigwa pasi. Wakili wake alisoma hati ya talaka kwa sauti nzuri. Mashahidi, alisema, wamezuiwa na hali ya usalama. Kisha akaisoma fomu ya sensa: mkuu wa kaya na mkewe. Mke huyo, alisema, ni bibi Wahida, yuko hapa.

Doutora Benilde akasimama.

"Mheshimiwa, nina picha hiyo hiyo kwa rangi, na swali moja."

Hakimu akaruhusu. Doutora hakumpa Rizuane picha mkononi. Alifanya kitu ambacho Dauto hakumwambia: aliiinua kwa mikono miwili, kubwa, usawa wa kifua, akaenda nayo mpaka mbele yake kabisa.

"Senhor Rizuane, mwanamke huyu ni nani kwako?"

Mkalimani akatafsiri. Rizuane akainua macho, akauona ule uso mweupe karibu naye, wenye rangi, wenye macho yake yale yale.

Akarudi hatua moja nyuma. Benchi likamgonga magotini, na mkono wake ukaenda kichwani, ukavua kofia ya sare, ukaibana kwapani. Macho yalikuwa yameshashuka sakafuni. Mkalimani, mzee wa watu, naye akainamisha kichwa bila kujijua.

"Jibu," wakili wake alimnong'oneza kwa Kireno. "Sema jina. Sema mke wangu."

Rizuane akaikaza kofia kwapani.

Hakimu alikuwa anawatazama kwa zamu. "Mkalimani, kwa nini bwana huyu amerudi nyuma?"

"Mheshimiwa, huku kwetu mtu hasimami karibu na mama mkwe wake. Ni heshima."

"Hiyo ni picha tu."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Rudia swali. Je, huyu ni mke wako?"

Mkalimani akarudia, polepole, na ilionekana kwamba hata kulirudia kulimtia aibu. Rizuane hakuinua macho. Jasho lilikuwa limelowesha sare mgongoni. Nyuma, Wahida alikuwa ameshajifunika uso.

"Si mke wangu," Rizuane alisema. "Astaghfirullah. Huyu ni mama. Nilikuja kwake na mfuko mmoja, akanipa mahali. Yule mama akiwa hai nisingeweza kumwacha mwanawe. Ningemtazama vipi? Mpaka alipokufa ndipo nikaweza."

Karani aliandika. Wakili wa Pemba alianza kusema kitu kuhusu afya ya mteja wake, hakimu akamwinulia mkono. Iliwachukua nusu saa kumaliza yaliyobaki: hati ya talaka ikawekwa kando ichunguzwe, na amri ikaandikwa kwamba ufunguo wa nyumba nambari 84, kesho, akabidhiwe Atija na watoto, mpaka mali igawanywe kwa sheria. Doutora Benilde akaomba iandikwe pia kwamba mimba ya bibi Wahida ina haki ya matunzo kutoka kwa Rizuane. Dauto alikuwa amemwambia, na doutora alikuwa amesikiliza.

Nje jua lilikuwa kali. Rizuane alitoka na kofia bado kwapani, akapita mbali na Atija, akielekea barabarani.

Atija alisimama chini ya upenu. Hakuwa anacheka, na hakuwa analia.

"Mzee Dauto," alisema, "ile picha wataitupa?"

"Hawaitupi. Inakaa kwenye faili la mahakama."

"Miaka mingapi?"

Dauto akaingiza mkono ndani ya shati, akatoa ile nakala ya pili ya picha ya kwanza, iliyokunjwa mara moja tu ili mkunjo usipite usoni, akampa. Atija akaifungua. Akamtazama mama yake, kisha akamtazama yule mwanamume aliyesimama mbali naye, ameshika ubao wa nambari ya nyumba, anaogopa kusogea. Akaikunja tena pale pale ilipokunjwa.

"Sitamkata Rizuane nimtoe pichani," alisema. "Mama asingependa."